Kipepeo wa Mume Wangu

Shoga, ndiyo natoka kwenye mashindano ya picha. Mbavu sina!

Mume wangu kasimama mbele ya majaji, kifua mbele: "Kipepeo huyu nilimvizia kwenye ua masaa matatu, katikati ya kipupwe." Masaa matatu! Watu wakapiga makofi.

Mama mkwe akavaa miwani, akaisogelea picha. "Mwanangu, hili si ua langu la plastiki la sebuleni?"

Jaji akauliza, "Na kipepeo, mama?"

"Kibanio changu cha nywele! Nimekitafuta wiki nzima."

KIBANIO, shoga!

Bwana akanigeukia, jasho linamtiririka. "Mke wangu, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ulijifunika blanketi langu palepale sebuleni."

Wamemwondoa mashindanoni. Sasa kaninunia mimi, eti kwa nini nilimleta mama yake!