Majaribio Manne

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti bado linakusumbua? Mimi mwili mzima, ila roho imekufa.

Jumatatu aliletwa hapa hospitalini binti wa miaka kumi na tisa, kagongwa na pikipiki, mdomo umejaa damu. Ilibidi nimpitishie mpira wa kupumulia. Nikachukua kile chombo kipya chenye kamera, kinachoonyesha koo kwenye skrini, kile ulichokicheka. Damu ikaziba kamera. Nikaifuta, nikarudi. Mara nne, Mama! Nesi alikuwa ameninyooshea chuma cha kizamani cha kufungulia koo, kama ulichotumia wewe, nikamsukuma mkono. Anakata roho, mimi bado natafuta picha.

Mkubwa wangu wa kazi anataka tumwambie baba wa binti kwamba kilichomuua ni majeraha tu. Nifanyeje?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni la uzee, liache. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Usidhani chuma kingekuokoa. Kamera hufika jicho lisipofika. Chuma hakijali damu sana. Kila kimoja kina mahali pake. Lakini mgonjwa hafi kwa kukosa mpira, hufa kwa kukosa hewa. Ukishindwa mara mbili, unaacha, unamrudishia barakoa ya hewa usoni, unampulizia kwa mfuko wake.

Najuaje? Enzi zangu za kutoa dawa ya usingizi nilijaribu mara tano, kwa chuma hichohicho ninachojisifia, kwa mama mjamzito, akafa. Mumewe nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akanishukuru! Miaka thelathini na moja, na ile asante yake bado inanichoma. Hata baba yako sikumwambia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ya kumwambia baba wa huyo binti, amua mwenyewe.

Mama yako

19 Machi

Mwanangu,

U mzima kweli? Simu yako imezimwa, barua hakuna. Ningejua ningefunga mdomo wangu. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nimesimamishwa kazi, kwa sababu nilikwenda nyumbani kwa yule baba nikamweleza yote.

Nilidhani atanipiga, ningeshukuru. Alikaa kwenye kitanda cha binti yake, akauliza jambo moja tu: wakati anakata roho, nani alikuwa anamtazama usoni?

Nilitaka kumdanganya, Mama. Uongo ulishafika kwenye ulimi.

Nikamwambia hakuna. Sote tulikuwa tunatazama skrini.

Mwanao