Miaka Kumi na Tisa ya Bungoma

Jumatatu, 3 Machi
Nilipoteza miaka kumi na tisa Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, mbele ya karani wa mishahara. Aligeuza kompyuta nione. Malipo ya kustaafu kwa mkataba wa chama cha wafanyakazi: sifuri. "Ulijitoa chama, mzee. Na miaka ya kabla ya kujitoa haimo humu."

Nastaafu tarehe 31. Leo nimeingia karakana kama kawaida. Nimekagua mabasi mawili, nimekataa moja. Mlango wa nyuma haukai sawa. Kazi yangu naijua.

Jumanne, 4 Machi
Hesabu. Mkataba unalipa mshahara wa siku kumi na nane kwa kila mwaka wa uanachama. Wafula wa karakana ya Bungoma, naye anastaafu mwezi huu, ana miaka ishirini na saba. Mara kumi na nane: siku 486. Mimi nina miaka thelathini kampuni hii hii. Siku sifuri.

Wafula! Nilimfundisha mimi kuchomelea. Bodi zake za kwanza za basi zilikuwa na matundu kama chujio la chai.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike ukweli. Miaka kumi na moja iliyopita nilifanywa msimamizi, nikavishwa koti jeupe, nikatolewa Bungoma, nikaletwa Kitale. Hakuna aliyenitoa chama. Barua niliandika mwenyewe. Niliona makato ya chama ni ya watu wa ovaroli. Nikayaelekeza kwa mabati ya nyumba ya kupangisha, Kiminini. Nikajiona mjanja.

Wafula ndiye alikuwa mwakilishi wa chama. Nikampa barua mbele ya mafundi wote. "Chama ni cha wasiojua hesabu." Maneno yangu hayo.

Jumamosi, 8 Machi
Bungoma, kumuaga Wafula. Sikutaka kwenda. Nimeenda.

Anayestaafu huvuliwa ovaroli, kila fundi akaandika jina lake mwenyewe juu yake kwa rangi ya basi. Ya Wafula ilijaa mpaka matakoni. Mbuzi wawili. Mkewe akilia kwa furaha. Nyama nimeiacha sahanini. Ni wivu, siuiti jina lingine.

Fundi mmoja wa zamani akanong'ona: lipo daftari la wanachama la kabla ya kompyuta. Jina likiwa mle, miaka inalipwa. Daftari analo Wafula. Ijumaa anakabidhi ofisi ya chama, na madai ya zamani yanafungwa.

Nikamvuta kando. Hakukubali kuvutwa.

"Nyapara wa koti nyeupe! Kwani hesabu imekataa, bana?"

Wakacheka wote. Halafu, polepole: "Nitaangalia, mwalimu."

Mwalimu. Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Jumatatu, 10 Machi
Simu ya Wafula inaita tu. Mama Brian ananiambia, "Baba Brian, si unamchukia mtu kwa kulipa kile alikuambia ulipe?" Wapangaji watatu Kiminini, anayelipa ni mmoja.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Saa nne nimeliacha koti kwenye msumari, nikashuka kunywa chai na mafundi. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja. Wamesogea, nikakaa.

Koti jeupe halina jina la mtu hata mmoja.

Nimemtumia Wafula ujumbe. Nanakili hapa:

"Wafula, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nitakuomba msamaha. Huo ni wako hata jibu likiwa baya. Lakini usiniambie utaangalia. Miaka yangu kumi na tisa imo daftarini au haimo? Nijibu kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni."