Nilimshinda Rafiki Yangu Karata, Sasa Haji Shuleni

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia haya. Niko mwaka wa mwisho katika shule ya wasichana ya watu wenye nazo hapa mjini Kobe, Japani, na darasa letu zima lilikuwa linasoma manga moja, yaani kitabu cha hadithi za katuni, ya wanafunzi wanaocheza kamari kwa dau la kutisha, basi na sisi tukaanza kucheza karata za Kijapani zenye picha za maua saa ya chakula cha mchana, dau likiwa kipande cha samaki au kumfagilia mwenzako darasa, tunacheka tu, mpaka Mwalimu Iwasaki alipotangaza kwamba shule ina nafasi moja ya kumpendekeza mwanafunzi kwenye chuo cha udaktari, na waliofaa ni mimi na rafiki yangu Fumika.

Hatukutaka kugombana. Fumika akasema, "Nafasi hiyo tuichezee karata. Atakayeshindwa ajitoe, na asimwambie mtu." Nikamwambia, "Acha utani, shoga." Akanijibu, "Unaogopa? Basi jitoe wewe." Nikakaa, tukacheza, nikashinda, na kesho yake akaenda kwa mwalimu akasema udaktari haumvutii tena.

Tangu hapo baba yake hasemi naye, yeye mwenyewe haji shuleni, na nilipomfuata kwao hakunifungulia hata mlango wa chumba. Akasema akiwa ndani, "Umeshinda kihalali. Ukinirudishia kwa huruma, umenidharau." Nikiwa natoka, mama yake akanipa boksi la zabibu, akainama, akasema, "Asante, mwanangu, ni wewe peke yako unayekuja kumwona." Sijazigusa. Jina langu linapelekwa chuoni wiki ijayo, sasa ninyamaze kama tulivyoahidiana, au niseme?

Kozue, Kobe

Kozue, pole sana. Asiyekuwa na moyo angekuwa ameshakula zile zabibu na kulala usingizi.

Lakini nikukaripie kidogo. Mlichezea kitu kisicho chenu. Nafasi hiyo ni ya walimu kuitoa, kwa hiyo hukuishinda, na Fumika hakuipoteza. Katika manga aliyeshindwa hutoweka ukurasa unaofuata. Huyu yuko chumbani kwake, na baba yake hajui kwa nini.

Usijitoe. Hapo Fumika amesema kweli, huruma ya namna hiyo itamuumiza. Mwambieni Mwalimu Iwasaki ukweli wote, kisha yeye aamue upya kati yenu. Huenda akakuchagua wewe, huenda akamchagua yeye, huenda akawanyima wote wawili kwa adhabu. Mkubali. Mtihani wa kuingia chuo upo kwa kila mtu, na vichwa mnavyo.

Ahadi ya kunyamaza ivunje, ila usiivunje kwa kumficha. Pitia kwao asubuhi kabla ya shule. Akikutukana, nyamaza. Akilia, nyamaza. Kisha mwambie, "Naenda kwa mwalimu kusema. Twende wote." Usiombe ruhusa. Kaa pale mlangoni, umpe muda wa kuvaa viatu.