Mchumba Kaipenda Picha, Mimi Hajaniona

Bi Dorkasi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Usagara hapa Tanga, naomba unishauri kabla mwezi wa Mfungo Mosi haujaandama, maana ndipo mchumba wangu anaposhuka. Mimi ni mnene, silalamiki, ndivyo tulivyo kwetu, ila shangazi yangu Time aliposikia kwamba Shaib, kijana wa Wete anayefanya kazi Maskati, anatafuta mke na anataka picha itumwe kwa kompyuta, alinichukua mpaka lile duka jipya lenye skana, tukamkuta fundi anaitwa Godlisten, akailaza picha yangu kwenye kioo cha mashine, ikatokea kwenye kompyuta vile vile nilivyo, shangazi akaguna, akasema, "Baba, hebu mpunguze huyo," Godlisten akamjibu, "Mama, upana na urefu vimefungwa pamoja, nikipunguza upana peke yake huyu si yeye tena," shangazi akasema, "Fungua, usinifundishe kuozesha," basi upana ukashushwa hadi sabini kwa mia, urefu ukabaki mia, nikajiona mwembamba, shingo ndefu, nikafurahi, sikusema neno, picha ikaenda. Shaib akaridhika, wajomba zake wakaja kuposa, mimi niko ndani hawakuniona, posa ikapokelewa, naye akatuma picha yake, kijana mrefu mwembamba amesimama ofisini, hata saa ya ukutani nyuma yake si kama zetu, imerefuka kama yai lililosimamishwa, nikajua huyu yuko kwa watu wenye nafasi. Nampenda, Bi Dorkasi, tunaandikiana na ana maneno mazuri, sasa nakula mlo mmoja kwa siku ili niifikie ile picha, juzi nimeanguka jikoni, shangazi anasema akishaoa atazoea, je, nimwambie nimkose, au ninyamaze?

Khairat

Marahaba, Khairat. Kwanza kula. Hakuna njaa itakayokufikisha kwenye picha ile, kwa sababu mashine haikupunguza mwili tu, imebana macho, pua na fuvu. Ukijinyima mwaka mzima utadhoofu, lakini kichwa chako kitabaki na upana wake.

Shangazi yako anakutakia heri, ila hapa kakosea, na wewe uliyefurahi ukanyamaza umekosea pamoja naye. Eti atazoea! Siku mtakapofunuliwa uso kwa uso, Shaib atamtafuta msichana ambaye hajawahi kuzaliwa, na aibu hiyo ataibeba nani? Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Mfungo Mosi.

Nenda kwa Godlisten kesho. Aiskani picha upya, upana na urefu vifungwe pamoja kama alivyotaka mwenyewe. Ikiwa ni kubwa mno kutumwa, apunguze vyote viwili kwa kiasi kimoja. Utatoka mdogo, lakini utatoka wewe.

Halafu itazame tena picha ya Shaib, ila yeye mwache kwanza, tazama ile saa. Mwanangu, nimeishi na saa za ukutani maisha yangu yote na sijakutana na ya yai. Hiyo naona ilikuwa duara kama ya kwenu. Aliyembana Shaib ili awe mwembamba aliibana na saa iliyokuwa nyuma yake.

Mtumie picha yako ya kweli, na chini yake uandike: "Huyu ndiye Khairat. Je, saa ya ofisini kwenu ni ya duara?" Akikasirika, posa yake irudi Wete. Akicheka, pika biriani ya kutosha, kwa sababu mtakula wawili.