Mama, Aliyelikojolea Godoro ni Paka

Mama,

Nakuandikia kwa herufi za kutenganisha, zile mlizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima kule Kitaya, ili usipate taabu ya kusoma. Ningeweza kuipiga chapa barua hii kazini ikatoka safi, lakini mashine ile ni ya umma na aibu hii ni yangu. Basi nimekaa kwenye mkeka chumbani kwako, mchana wa Jumapili. Rashidi yuko zamu bandarini. Naandika kwa mkono.

Nianze na habari. Arobaini yako imepita. Mchele tuliupata kwa taabu, majirani wakachanga, pilau ikaiva na khitma ikasomwa vizuri. Kila mtu alikusifu. Mimi nilikaa pembeni na kanga usoni, wakadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwapo, lakini zaidi ilikuwa aibu. Nilikuwa na neno la kusema mbele ya wale wanawake, na sikulisema. Nilikula pilau ya mama yangu, nikanawa mikono, nikaaga watu.

Neno lenyewe ni hili: aliyekuwa akikojoa chumbani si wewe. Ni Karani.

Najua wewe unalijua. Ulilisema tangu siku ya kwanza. Naliandika kwa sababu mimi sijawahi kulitamka mbele ya wote walionisikia nikisema kinyume chake.

Unakumbuka ulivyoshuka kwenye lori mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa? Nyumba yako ya zamani imebaki karibu na mto, umeambiwa ukajenge kando ya barabara, na miguu imekwisha kuvimba. Nikakuita kwangu Chuno, hapa mjini, upumzike mpaka nyumba mpya iezekwe. Ulikuja na mzigo mmoja wa nguo, debe la unga wa muhogo, na kikapu kilichofungwa kamba, ndani yake kitu kinalia. Dereva akauliza kama umebeba mtoto. Ukamjibu, "Si ntoto, baba, ni karani." Ukatueleza kwamba makarani uliowaona maishani mwako wote walikaa juu ya magunia ya korosho wamefumba macho, na chakula kikija wao ndio wa kwanza kusimama. Nikakwambia, mama, hata mimi mpiga chapa ni karani. Ukaniangalia kichwani mpaka miguuni ukasema, "Basi nyie ntaelewana."

Hatukuelewana, mimi na huyo paka. Nyumba yetu ina sakafu ya saruji, na uani mbwa wa jirani alimngojea kila alipotoka, kwa hiyo tukakubaliana akae ndani. Nikampa karai bovu la kujisaidia, nikalitia majivu ya jikoni. Nawe wanijua kwa usafi. Ulikuwa ukisema Esha akikosa cha kufua atafua maji. Kila asubuhi nililisugua karai lile kwa dawa ya hospitali, ile inayogeuka nyeupe kama tui ukiitia majini. Rafiki yangu muuguzi alinipa chupa nzima, nikajiona tajiri. Karai nikaliweka penye mlango wa jikoni, karibu na kisahani chake cha dagaa, ili uchafu wake wote uwe mahali pamoja.

Hazikupita siku tatu ukaniambia, "Esha, huyu anataka nchanga. Nchanga nkavu wa shamba. Na hiyo dawa haipendi." Nikakujibu kwamba nimeolewa katika nyumba ya saruji ili niache kufagia mchanga.

Wiki ile ile godoro lako likalowa. Ulilala chini kwa sababu ya miguu, kitanda kilikuwa juu mno kwako. Nililiona doa asubuhi, pembeni, upande wa ukutani. Nikakutazama. Nawe uliona nilivyokutazama.

"Si mie, mwanangu," ukasema. "Karani huyo."

Nikacheka, mama. Nikasema Karani ana karai lake. Moyoni nikajisemea mfa maji haachi kutapatapa.

Sabuni ilikuwa adimu siku zile, tulipanga foleni tangu alfajiri kwa nusu mche, na kila shuka niliyoifua niliifua kwa hasira. Sisemi haya kujitetea. Nasema tu hasira ile niliipeleka kwako, na wala sikuipeleka kwa siri. Godoro nililitoa nje nikalianika juu ya ua, upande unaotazama bomba la maji, saa ambayo kina mama wote wamejaa na ndoo zao. Wangeweza kutoniuliza. Mimi ndiye niliyewaeleza. Nilisema, "Mama amerudi utotoni, ndiyo uzee huo." Nililisema kwa kicheko, nao wakacheka kwa adabu. Uliyasikia yote, maana dirisha lako lilikuwa wazi.

Halafu nikamwambia Rashidi. Nilimwambia tukiwa tunakula, kama mtu anayesimulia habari za kazini. Mkweo, mama! Wewe ambaye hukuwahi hata kutafuna mbele yake, uliyekuwa ukiomba maji kwa kupitia kwangu ilhali yeye amekaa karibu na mtungi. Tangu siku ile ukisikia kengele ya baiskeli yake unajikokota chumbani na kuufunga mlango. Aliniuliza kama umemkasirikia. Nikamwambia ni mambo ya wazee.

Kuna mengine mawili, na ningependa kuyaruka.

La kwanza ni mswala. Niliuondoa ule wa rangi ya zambarau, nikakuletea gunia nililolifua, nikasema mswala mzuri tusiutie najisi. Ulisali juu ya gunia mpaka mwisho.

La pili ni maji. Nilikupunguzia maji ya kunywa. Baada ya alasiri nilikupa nusu kikombe, na chai nikaikata kabisa. Hukulalamika. Mara moja tu uliniomba nikuongeze, joto lilikuwa kali, nikasema kesho. Muuguzi ameniapia kwamba moyo wako ulikuwa umechoka na miguu ile ilikuwa imesema mapema, kwamba nusu kikombe hakikukuua. Namwamini. Lakini kiu ilikuwa kiu, na niliyekutia ni mimi.

Ulipofariki asubuhi ile, Bi Somoe jirani yetu na wenzake wawili walikuja kukuosha. Niliwafuata mpaka mlangoni nikawanong'oneza: "Wekeni pamba ya kutosha, alikuwa hajizuii." Hayo ndiyo maneno niliyosema juu yako kabla hujavishwa sanda. Watoto wengine husema mama alinilea, mama alikuwa hivi na hivi. Mimi nilisema hayo.

Godoro nililichoma. Chumba nikakiosha, nikapaka chokaa. Siku kama ishirini baada ya mazishi, Ijumaa, nilirudi mapema kutoka kazini nikatandika ule mswala wa zambarau chumbani kwako, nikaenda kutia udhu. Niliporudi, Karani alikuwa amechuchumaa pembeni mwa mswala, upande wa ukutani, palepale. Alinitazama bila hofu, kama karani anayemwambia mtu ngoja kwanza. Akamaliza. Akaparuza sakafu ya saruji kwa mguu, akitafuta mchanga wa kufukia, akaukosa, akaondoka.

Nilikaa chini na miguu yangu ya udhu ikiwa bado na maji. Sikulia. Nilihesabu kimoyomoyo ni asubuhi ngapi ulizoniambia si mie, nikashindwa kufika mwisho.

Rashidi aliposikia alitaka paka atiwe guniani akatupwe huko ufukweni Shangani. Nilimkatalia. Nikamwambia nyumba hii imekwisha kumwonea mmoja, yatosha. Akaniuliza nani. Ndipo nilipomweleza, naye akatoka nje, akasimama na baiskeli yake ameishika usukani, haendi popote. Hadi leo hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu nilimfuata bwana mifugo wa pale ofisini, nikamwuliza kana kwamba namwulizia mtu mwingine. Akacheka. Akasema paka ana usafi kuliko wewe dada, hawezi kujisaidia karibu na anapolia chakula, na harufu ya dawa kama hiyo humfukuza. Tena akishakojoa mahali akajinusa, atarudi hapo hapo mpaka harufu iishe. Akanielekeza nipasugue kwa siki, niache pakauke kwa hewa, karai nilioshe kwa maji matupu na kulitia mchanga mkavu. Nilikwenda mwenyewe pembezoni mwa mashamba ya mihogo, nikachota mchanga kwa ndoo, nikarudi nao kichwani kupita mbele ya bomba. Karai nikaliweka chumbani kwako, kwenye kona ile.

Siku mbili, mama. Siku mbili tu, na Karani hajakosea tena mpaka leo. Ulinipa dawa hiyo hiyo kwa maneno machache, bure, bila cheo chochote, nami nikangoja kuisikia kwa mtu mwenye meza.

Baada ya kushindwa kusema siku ya arobaini sikupata raha. Jana nilikwenda kwa Bi Somoe. Alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Nikamweleza yote: karai, godoro, na nilivyowanong'oneza mlangoni. Kisha akaweka ungo chini.

"Ya kwenye josho la maiti hayasemwi," akaniambia. "Ila jema huruhusiwa. La mama yako jema, ntakwambia. Tulinkuta amejifunga winda. Vipande vya kanga, kavikunja vizuri kama vya ntoto nchanga. Vikavu, Esha. Vikavu kabisa, na safi."

Akanieleza kanga ilikuwa ya rangi gani. Ni ile niliyokununulia kwa mshahara wangu wa kwanza, uliyosema utaivaa harusini kwa wajukuu. Ulikuwa umeichana.

Mama yangu. Sijui ulianza lini kujifunga. Sijui kama ulijifunga ili mimi ninyamaze, au kama nilikwambia mara nyingi mno hata ukaanza kuniamini mimi na kuutilia shaka mwili wako mwenyewe. Kila asubuhi ulikuwa ukivifungua na kuvikuta vikavu, na godoro limelowa, nami nimesimama mlangoni. Ulikuwa unawaza nini? Hilo ndilo linaloniuma, na hakuna wa kunijibu.

Sasa sikiliza ninalokuahidi. Kesho asubuhi naanzia bombani. Nitangoja mpaka wamejaa, kisha nitasema kwa sauti kwamba mama yangu hakuwa kikojozi, kwamba alikuwa msafi kuliko mimi, na kwamba nilimsingizia kosa la paka kwa sababu ya kiburi cha saruji. Wakinicheka, wacheke. Wakinisengenya, wana haki. Kutoka hapo nitakwenda kwa wale waosha wawili waliobaki, na kwa yule muuguzi. Kisha nitapanda gari kwenda Kitaya, maana huko nako nilimwandikia shangazi uongo huo huo, na barua ile ilisomwa mbele ya watu. Nitaisoma na hii.

Wengine hukimbilia kaburini kuomba radhi. Mimi leo siiombi. Nakujua. Ningeiomba sasa ungenipa papo hapo, ungesema yamekwisha, mwanangu, nami ningerudi zangu nyumbani nimetulia, na watu wote hao wangebaki na uongo wangu vinywani. Nitakuja kuiomba nikishatoka kwa mtu wa mwisho.

Kwa sasa pumzika, mama. Mwenyezi Mungu akunyweshe huko, asikupimie kama nilivyokupimia mimi.

Ni mimi mwanao niliyekusingizia,

Esha