Gari la Kefa lilivyovutwa hadi Mlowo

Osward, weka ugali chini kwanza. Nimetoka kwa Bibi Felista sasa hivi, mbavu zinauma.

Mwaka 1953 Kefa, dereva wa mnunuzi wa kahawa, alikwenda kumposa huyo Felista. Bila mshenga. Alifika na gari la Kiingereza la bosi wake, akapiga boneti: "Huyu ndiye mshenga wangu. Hata gari la jeep la Wamarekani tumeliacha kwenye tope."

Mzee Anania, baba wa binti, alikuwa anafunga maksai kwenye mkokoteni aliouchonga mwenyewe, waende sokoni na Felista na magunia.

"Baba, hilo ni gari au kitanda?" Kefa akauliza, akatangulia kwa mbwembwe.

Bondeni akazama hadi milangoni. Milangoni, Osward.

Mzee akafika taratibu, akafunga mnyororo, maksai wakalitoa huku wanacheua. Kefa akashukuru, akaomba afunguliwe.

"Kaa ndani, mwanangu. Shika usukani wako."

Hakumfungua. Alimvuta mpaka Mlowo, katikati ya soko, wanawake wanapiga vigelegele, Felista juu ya magunia anamtazama. Na gari injini inanguruma, Osward. Linawaka kabisa, na linavutwa.

Pale Kefa akauliza kwa sauti ya chini kuhusu posa.

Anania akapapasa boneti. "Mshenga wako nimemsikiliza njia nzima. Amesema hapana."

Kefa akamgeukia Felista amtetee.

Felista ndiye aliyeanza kucheka. Leo alikuwa bado anacheka.