Shangazi Aliitika

Jumamosi. Jua kali, vumbi la mtaa wetu wa Ng'ambo limeingia mpaka kwenye kibodi. Ni siku ya tisa tangu tumzike Baba na bado sijisikii kitu. Nakula, naoga, naitikia pole za watu.

Leo ndiyo nimejua nilichofanya.

Asubuhi ile Baba alipofariki sikuweza kumpigia mtu. Neno lenyewe lilikataa kutoka mdomoni. Nikachukua skripti, programu fupi ya kutuma meseji ninayotumia kuwakumbusha wanakwaya mazoezi, nikaweka namba za wazee wa ukoo na ujumbe mmoja: "Shikamoo. Baba amefariki leo alfajiri. Mazishi kesho saa nane, Goweko." Ndani ya skripti kuna fanksheni, kipande cha amri kinachopokea vitu viwili, cha kwanza namba, cha pili ujumbe. Nikaandika:

tuma $namba $ujumbe

Bila alama za nukuu. Ukiacha hivyo, kompyuta inaukata ujumbe kila penye nafasi, na kila neno linahesabika peke yake. Kwa hiyo kitu cha pili kikawa neno la kwanza tu. Yaliyobaki hayakwenda popote. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi ndiye ninayewafundisha kompyuta.

Wazee wa hapa mjini walisikia kwa majirani. Shangazi, dada pekee wa Baba, yuko Ziba. Alijibu mara moja: "Marahaba mwanangu." Mama akaniuliza kama wifi yake amepata habari. Nikasema ndiyo, amejibu.

Tukazika bila yeye. Watu walinong'ona kwamba ana kinyongo na kaka yake. Nami nikaamini.

Juzi alisikia mnadani, kwa mtu baki aliyempa pole. Leo kashuka kwenye basi, kaja nyumbani, kakaa mkekani na kunionyesha simu yake.

"Ulinisalimia, nikaitika," akasema. "Nikangoja useme lililokuleta."

Nikamweleza habari za alama za nukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya mashine sawa. Wewe bado hujaniambia."

Nikamwamkia upya, akaitika. Ndipo nikasema kwa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, kwamba Baba amefariki. Shangazi akalia. Nilimshika mkono, nikangoja kilio changu. Hakikuja.

Jioni nimeirekebisha skripti, nikajitumia ule ujumbe kuijaribu. Umefika wote, mpaka neno Goweko.

Asubuhi nampeleka Shangazi huko.